Jinsi ya Kumjibu Anayesema Krismasi na Pasaka ni Sikukuu za Kipagani

Ikikaribia Desemba, ule ujumbe huanza tena kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: la ukoo, la kwaya, la waliosoma pamoja. Umeandikwa kwa herufi kubwa tupu. Unaanza na Yeremia 10, unaruka hadi kwa Nimrodi na mkewe Semirami, unamtaja Tamuzi, mungu wa Babeli, unamleta Kaisari Konstantino wa Roma, kisha unafunga na Ufunuo 18:4, "Tokeni kwake, enyi watu wangu." Juu yake pana alama kwamba umeshasambazwa mara nyingi. Haipiti muda mama mmoja wa kwaya anauliza, "Jamani, hii ni kweli?" Hapo grupu zima linanyamaza, au mbaya zaidi, watu wanaanza kurushiana maneno.

Mwongozo huu nimemwandikia yule anayetegemewa kumjibu huyo mama: mzee wa kanisa, mwalimu wa kipaimara, katekista, kiongozi wa vijana, mzazi. Nafundisha vijana kanisani, na hoja nitakazozipitia ndizo wanazoniletea kila mwaka. Msimamo wangu niuseme mapema. Mkristo anayesherehekea Krismasi hana cha kuonea haya, ila majibu yetu mengi ni mabovu kuliko hoja zenyewe, kwa sababu tunang'ang'ania kutetea vitu ambavyo Biblia haijawahi kututuma tuvitetee.

Hatua ya 1: Mjue anayeuliza

Swali ni lile lile, lakini kila anayeuliza ana lake moyoni. Msabato anayesema "siku hiyo haimo kwenye Maandiko" kwa kawaida anauliza habari za mamlaka: nani aliwapa ruhusa ya kuweka siku takatifu? Shahidi wa Yehova anaogopa kuchanganya ibada safi na uchafu. Mwislamu huenda hana habari na Nimrodi; yeye anataka kujua kama kweli unaamini Mungu alizaliwa. Kijana wa chuo aliyekesha akiangalia video YouTube anauliza jambo zito kuliko wote: kama nimedanganywa kuhusu Krismasi, nimedanganywa nini kingine?

Ukimpa huyo kijana jibu la Msabato, umempoteza. Kwa hiyo kabla hujafungua Biblia uliza maswali mawili. "Hili umelipata wapi?" Na la pili: "Ukipata jibu la kukuridhisha, litabadilisha nini kwako?" La kwanza litakuonyesha chanzo, la pili litakuonyesha moyo. Kama jibu la pili ni "halitabadilisha chochote", basi mnywe chai mzungumze mengine.

Wengi tumekariri 1 Petro 3:15 mpaka pale pa kuwa tayari siku zote kumjibu kila mtu. Mstari unaendelea: "lakini kwa upole na kwa hofu." Nimeona watu wakishinda mjadala kwa mistari kumi na mitano na kumpoteza jirani kabisa.

Hatua ya 2: Tenganisha tukio, tarehe na desturi

Hapa ndipo kazi nzima ilipo, na ukiishika hatua hii nyingine zitakuwa nyepesi. Tukio ni kwamba Neno alifanyika mwili akakaa kwetu. Tarehe ni 25 Desemba. Desturi ni mti, pilau, nguo mpya, mkesha, na yule mzee wa ndevu nyeupe. Ujumbe wa WhatsApp hushambulia desturi, ukatikisa tarehe, kisha ukakuachia hisia kwamba tukio limeanguka. Usikubali kuburuzwa hivyo. Uliza kila mara: tunazungumzia lipi kati ya hayo matatu?

Kuhusu tarehe, kubali mara moja. Injili hazitaji siku wala mwezi. Hata mwaka tunaoutumia una kasoro: aliyeupanga ni mtawa aitwaye Dionysius Exiguus mnamo mwaka 525, na hesabu yake ilipita kidogo. Mathayo 2 inasema Yesu alizaliwa Herode akiwa hai, na Herode alifariki mwaka 4 KK kwa hesabu inayokubaliwa na wengi. Maana yake Yesu alizaliwa miaka kadhaa kabla ya "mwaka wa kwanza" wetu. Sema hivyo kwa utulivu. Utamwona mpinzani wako akisitasita, maana alijiandaa kupambana hapo.

Wazee wetu wengi vitambulisho vyao vimeandikwa 1 Julai au 1 Januari, kwa kuwa siku yao haikuandikwa popote. Walizaliwa mwaka wa njaa au mwaka wa nzige. Wajukuu wakimfanyia babu sherehe siku hiyo, hakuna anayesimama kutangaza kwamba basi babu hakuzaliwa.

Ile hoja ya wachungaji waliokuwa kondeni usiku, Luka 2:8, usiipotezee muda. Wanaoitumia husema Desemba ni baridi mno Bethlehemu. Wanaoipinga husema mji ule uko pembeni mwa nyika ya Yudea na mifugo hukaa nje hata wakati wa mvua. Haithibitishi upande wowote.

Hatua ya 3: Dai chanzo, hasa la Nimrodi

Simulizi ni hivi: Nimrodi alimwoa Semirami, akafa, Semirami akajifungua Tamuzi tarehe 25 Desemba, akasema ni Nimrodi amezaliwa upya, na mti wa kijani ukaota kwenye kisiki usiku mmoja. Mwombe anayeisimulia akuonyeshe hayo kwenye Biblia. Nimrodi anatajwa Mwanzo 10:8-12, 1 Nyakati 1:10 na Mika 5:6. Basi. Hana mke, hana mtoto, hana mti. Semirami hayumo kabisa. Tamuzi anatajwa mara moja, Ezekieli 8:14, ambapo wanawake wanamlilia langoni pa hekalu. Hapatajwi mama yake wala siku yake ya kuzaliwa.

Simulizi hiyo imetoka wapi basi? Imetoka Uskoti katika karne ya 19. Mchungaji Alexander Hislop alitoa kijitabu mwaka 1853, akakipanua kuwa kitabu mwaka 1858, akitaka kuonyesha kwamba Kanisa Katoliki ni Babeli ya kale iliyovaa nguo mpya. Aliunganisha majina ya miungu ya Misri, Babeli, Ugiriki na kwingineko kwa kufanana sauti tu, akaziba mapengo kwa kukisia. Mhubiri wa Marekani, Ralph Woodrow, aliyasambaza madai hayo kwa kitabu chake cha mwaka 1966 kilichopendwa sana. Baadaye alirudi kuvichunguza vyanzo vya Hislop kimoja kimoja, akaona havibebi mzigo, akakiondoa sokoni kitabu chake mwenyewe japokuwa kilikuwa kinauzwa vizuri, na mwaka 1997 akatoa kingine cha kujisahihisha. Huyo ni mtu wa kumtaja kwenye mjadala, maana hakuwa shabiki wa Roma hata kidogo.

Fanya vivyo hivyo kwa Mithra, mungu aliyeabudiwa Roma, na Horusi, mungu wa Misri, ambao nao hudaiwa kuzaliwa 25 Desemba au kuzaliwa na bikira. Hakuna maandishi ya kale yanayosema Mithra alizaliwa 25 Desemba. Sanamu zake zinamwonyesha akitoka kwenye mwamba akiwa tayari kijana. Na Isisi, mama yake Horusi, kwa masimulizi ya Wamisri wenyewe, alimpata Horusi kwa mumewe Osiri. Anayesema "bikira" aonyeshe alikosoma.

Hatua ya 4: Ijue vizuri hadithi ya 25 Desemba

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu hoja hii ina nyama kuliko ile ya Nimrodi.

Dai la kwanza husema Krismasi ilichukua nafasi ya Saturnalia, sikukuu ya Warumi ya mungu wao Saturno. Saturnalia ilianza 17 Desemba na hata iliporefushwa iliishia tarehe 23. Watu walikula, wakapeana zawadi, mabwana wakawahudumia watumwa. Kufanana kwa furaha kupo, tarehe haifanani.

Dai la pili ndilo zito: kwamba 25 Desemba ilikuwa sikukuu ya Jua Lisiloshindwa, mungu ambaye Kaisari Aureliani alimjengea hekalu Roma mwaka 274. Ni kweli sikukuu hiyo ilikuwepo. Lakini angalia ushahidi wenyewe. Kumbukumbu ya kwanza kabisa inayoliweka Jua tarehe 25 Desemba imo katika kalenda ya Kirumi ya mwaka 354, inayotaja mashindano 30 ya magari ya farasi siku hiyo. Na katika mkusanyo huo huo, kurasa nyingine, imo orodha ya Wakristo wa Roma iliyopangwa mwaka 336, ambayo inasema Kristo alizaliwa Bethlehemu ya Yudea tarehe hiyo hiyo. Yaani mashahidi wetu wa kwanza wa sikukuu zote mbili wamefungwa kwenye jalada moja. Nani alimwiga nani? Kwa ushahidi huo peke yake huwezi kusema, na anayesema kwa uhakika anajua kuliko nyaraka.

Maelezo mengine yanatoka ndani ya Kanisa. Kulikuwa na imani ya zamani kwamba Yesu alitungwa mimba na kufa tarehe moja. Tertuliano wa Karthago, Mwafrika wa Kaskazini, mwanzoni mwa karne ya 3 aliiweka siku ya kusulubiwa 25 Machi. Hesabu miezi tisa kutoka 25 Machi: unafika 25 Desemba. Upande wa mashariki walioshika 6 Aprili walifika 6 Januari, na hadi leo Kanisa la Armenia linaadhimisha kuzaliwa kwa Kristo siku hiyo. Agostino, Mwafrika mwingine, anaieleza hesabu hii waziwazi: alitungwa mimba 25 Machi, akateswa siku hiyo hiyo, akazaliwa 25 Desemba.

Mimi naegemea maelezo haya ya hesabu ya 25 Machi, maana yanafafanua tarehe mbili kwa pigo moja. Lakini usiyaapie. Agostino aliandika wakati sikukuu tayari ipo, na Klementi wa Aleksandria, mwishoni mwa karne ya 2, anaorodhesha tarehe nyingine kabisa ambazo watu walizipendekeza, zikiwemo za Aprili na Mei. Mwaka 386 Yohane Krisostomo alihubiri Antiokia akisema sikukuu ya 25 Desemba ilikuwa haijatimiza miaka kumi tangu ijulikane kwao. Hiyo ni sikukuu iliyokua polepole, mahali hadi mahali, bila amri ya Konstantino. Hakuna sheria yake hata moja inayoianzisha Krismasi.

Mkiwa hapo mtu ataruka: "Na Jumapili je? Si aliibadilisha yeye?" Sheria yake ya mwaka 321 ilihusu mapumziko ya kazi siku ya Jua. Wakristo walikuwa wakikutana siku hiyo tangu zamani. Yustino Shahidi, mwandishi Mkristo wa kale, anaeleza ibada yao ya Jumapili kwa kirefu mnamo mwaka 155, zaidi ya karne moja kabla Konstantino hajazaliwa.

Hatua ya 5: Someni Yeremia 10 kwa sauti, mpaka mstari wa 9

Usibishane kuhusu mstari wa 3 na 4. Mpe Biblia yeye mwenyewe asome, asiishie pale ujumbe unapoishia.

Mstari wa 3: mtu hukata mti mwituni, fundi huufanyia kazi kwa shoka. Wa 4: huupamba kwa fedha na dhahabu na kuukaza kwa misumari usitikisike. Mpaka hapo, kweli, unafanana na mti wa sebuleni. Endelea wa 5: hawasemi, ni lazima wabebwe kwa kuwa hawawezi kwenda, msiwaogope. Kina nani hao wasiosema? Mstari wa 9: fedha ya Tarshishi, dhahabu ya Ufazi, na mavazi ya samawi na urujuani. Sasa uliza: umeona wapi mti wa Krismasi uliovalishwa nguo? Hiyo ni sanamu. Mti ni malighafi yake, fundi anachonga, mfua dhahabu anapaka, inavishwa, inapigiliwa isianguke. Ukitaka picha nzima nenda Isaya 44:14-17, yule jamaa aliyekata mti mmoja, nusu akaota moto na kuokea mkate, nusu akaifanya mungu akaisujudia.

Mti wa Krismasi wenyewe ni wa juzi. Kumbukumbu ya mwaka 1605 kutoka Strasbourg inaeleza miti iliyowekwa vyumbani na kutundikwa maua ya karatasi na matufaha. Kati yake na Yeremia ni zaidi ya miaka 2,000. Uliingia Uingereza kwa kishindo baada ya gazeti moja la London kuchapa picha ya Malkia Victoria na familia yake wakiuzunguka mwaka 1848, na wamisionari wakaja nao. Hauna utakatifu wala uchafu. Ukiupenda uweke, usipoupenda acha. Wengine tuna mikrismasi yetu ya nje inayowaka maua mekundu Desemba bila kutundikiwa taa. Ila kama kuna mtu nyumbani mwako anayeuombea au kuupigia magoti, hapo Yeremia anawahusu.

Kwa rafiki Msabato lipo jambo la kumkumbusha kwa heshima: Ellen White mwenyewe aliandika kwamba Mungu angependezwa kila kanisa likiwa na mti wa Krismasi wa kutundikia sadaka. Na Shahidi wa Yehova huenda hajui kwamba Wanafunzi wa Biblia, kama walivyoitwa wakati huo, walisherehekea Krismasi makao makuu yao Brooklyn hadi mwaka 1926. Machapisho yao yenyewe hayafichi hilo. Usiyatumie haya kama rungu. Walioacha waliacha kwa dhamiri.

Hatua ya 6: "Biblia haikuamuru"

Ni kweli haikuamuru. Swali ni kama kisichoamriwa kimekatazwa. Torati haina sikukuu ya Purimu. Wayahudi waliiweka baada ya kuokolewa, Esta 9. Haina sikukuu ya Kutabaruku pia, iliyoanzishwa na Yuda Makabayo mwaka 164 KK baada ya kulisafisha hekalu. Na Yohana 10:22-23 inamwonyesha Yesu akitembea hekaluni wakati wa sikukuu hiyo, "ni wakati wa baridi." Hakuwakemea kwa kuongeza siku.

Halafu ipo Warumi 14:5, ambayo ningependa kila Mkristo aijue kabla ya Desemba: mtu mmoja hutofautisha siku na siku, mwingine huona zote sawasawa, "kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe." Mstari huu unakata pande mbili. Unamzuia Msabato kunihukumu kwa kusherehekea, na unanizuia mimi kumhukumu asiyesherehekea. Wapuriti, Waprotestanti wenye msimamo mkali wa Uingereza, walioipinga Krismasi hawakuwa wapagani: Bunge la Uingereza liliifuta Krismasi mwaka 1647, na koloni la Massachusetts liliweka faini ya shilingi tano kwa anayeiadhimisha, kuanzia 1659 hadi 1681. Uskoti haikuifanya sikukuu ya mapumziko hadi 1958. Ni mjadala wa ndugu, wa miaka mingi, na hakuna haja ya kuitana mawakala wa shetani.

Watakuletea Kumbukumbu la Torati 12:30, kwamba tusimwabudu Mungu kama mataifa wanavyoabudu miungu yao. Soma mstari wa 31: walikuwa wakiwateketeza watoto wao. Katazo ni kuiga ibada ya namna hiyo. Paulo pale Athene alinukuu washairi wa Kiyunani ili kumhubiri Mungu wa kweli, Matendo 17:28, na hakuna aliyesema amekuwa mpagani.

Pasaka kwa ufupi

Dai ni kwamba imetokana na Ishtari, mungu wa kike wa Babeli. Limezaliwa kwenye Kiingereza, ambako jina la sikukuu, Easter, linafanana kidogo kwa sauti na jina la mungu huyo, kisha likatafsiriwa kwetu ambako halina hata pa kusimama. Jina letu linatoka kwenye Pasaka ya Wayahudi ya Kutoka 12, na Yesu alisulubiwa wakati wa sikukuu hiyo. Kanisa lilikuwa linaadhimisha kwa Kiyunani na Kilatini karne nyingi kabla Waingereza hawajabatizwa. Mayai na sungura ni mambo ya Ulaya. Hapa kwetu hayana mizizi, usiyabebe.

Anayeuliza akiwa Mwislamu

Kwenye mihadhara utasikia hoja ya tende: Sura ya Maryam, 19:25, inasema Maryamu aliambiwa autikise mtende zimwangukie tende mbivu, na tende haziivi Desemba. Usiishambulie Kurani, wala huna sababu. Mwambie, "Ndugu yangu, kuhusu tarehe tumekubaliana, Injili haikuitaja." Kisha mwulize kama ana haraka, maana swali lake halisi bado linakuja.

Kama ni mtu wa pwani, anaujua mjadala huu nyumbani kwake. Kila Mfunguo Sita Lamu hujaa watu wa Maulidi, na kila mwaka wapo Waislamu wanaosema ni bidaa, Mtume hakuisherehekea siku yake ya kuzaliwa. Wapo wanaojibu kwamba kumshukuru Mungu kwa kumleta si kuongeza dini. Hulitaji hili kumchokoza. Unalitaja kwa kuwa ataelewa upesi unachosema kuliko hata Mkristo mwenzako.

Swali halisi ni: "Wapi Yesu alisema, Mimi ni Mungu, niabuduni?" Usikimbilie kutafuta sentensi hiyo kwa maneno hayo. Mpeleke Marko 2:5-12, Yesu anasamehe dhambi na waandishi wanauliza ni nani awezaye hilo isipokuwa Mungu. Mpeleke Marko 14:61-64, kuhani mkuu anamuuliza wazi, anajibu, kuhani anararua mavazi. Mpeleke Yohana 20:28, Tomaso anamwita "Bwana wangu na Mungu wangu" naye hamkatazi. Akisema yote hayo yalibuniwa kwenye mkutano wa maaskofu wa Nikea mwaka 325, mtajie Plinio, liwali wa Kirumi asiye Mkristo, aliyemwandikia Kaisari Trajani mnamo mwaka 112 kwamba Wakristo hukutana alfajiri kumwimbia Kristo kama Mungu.

"Dini ya wazungu"

Kijana wa chuo ataileta hii mwishoni, na mara nyingi ndiyo iliyokuwa chini ya zote. Mpe historia bila kulainisha. Towashi wa Kushi alibatizwa, Matendo 8, kabla Paulo hajakanyaga Ulaya. Mfalme Ezana wa Aksumu, katika Ethiopia ya kale, aliamini katika karne ya 4, na askofu wake Frumentio aliwekwa wakfu na Athanasio wa Aleksandria. Nubia ilikuwa na falme za Kikristo kwa karne nyingi. Wahabeshi walikuwa wakisherehekea Krismasi yao, ambayo leo huangukia 7 Januari, muda mrefu kabla mmisionari Mjerumani Krapf hajashuka Mombasa mwaka 1844.

Na mabaya yaseme. Wareno waliipa ngome ya Mombasa jina la Yesu mwaka 1593 na hawakuja kwa ajili ya kuosha watu miguu. Wakristo walifanya biashara ya utumwa. Lakini mpeleke pia Mkunazini, Unguja. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Anglikana pale pale. Askofu Edward Steere aliyelisimamia jengo hilo ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja.

Mahali pa kusema "hapa ni pagumu"

Luka 2:2 inataja orodha ya watu, yaani sensa, iliyoandikwa Kirenio alipokuwa liwali wa Shamu. Mwanahistoria Myahudi, Yosefo, anaiweka orodha ya Kirenio mwaka 6 BK, na Herode alikuwa amekufa karibu miaka kumi nyuma. Wapo wanaosema Luka anataja orodha ya awali, wapo wanaoisoma sentensi kama "kabla ya Kirenio", wapo wasomi, Wakristo wakiwemo, wanaosema Luka amechanganya tarehe. Eleza njia zote tatu. Paulo anasema imani ni bure kama Kristo hakufufuka, 1 Wakorintho 15:14. Hakuiegemeza kwenye orodha ya watu. Kijana aliyesikia hili kwako hatatishika akilikuta mtandaoni.

Hoja ambayo ni ya kweli

Kuna mzee mmoja asiye msomi aliyewahi kuniambia, "Upagani wenu hauko kwenye tarehe, uko kwenye kreti." Yuko sahihi. Tunakopa kwa ajili ya nauli, nguo na mbuzi, tunakunywa mpaka ibada ya asubuhi inakuwa na viti vitupu, halafu Januari ada hakuna na njaa inabisha hodi. Baba anayerudi kijijini mara moja kwa mwaka anamaliza siku zote baa, na watoto wanamwona akiondoka. Hoja hii usiijibu kwa historia. Ijibu kwa kupanga bajeti Oktoba, kwa kutenga fungu la mjane wa jirani kabla ya kununua soda, na kwa kuwepo kanisani tarehe 25 ukiwa na akili zako.

Zoezi na jibu la kutuma

Vijana wagawe wawiliwawili, mmoja awe mpinzani, kisha wabadilishane. Mpinzani apewe ule ujumbe wenyewe wa WhatsApp ausome kama anauamini. Anayejibu haruhusiwi kusema zaidi ya dakika mbili wala kutumia mistari zaidi ya mitatu. Watagundua wenyewe kwamba tatizo lao kubwa ni kukatiza mtu kabla hajamaliza.

Kwa ajili ya grupu, jibu la namna hii linatosha:

"Ndugu, asante kwa kujali imani yetu. Ni kweli Biblia haikutaja tarehe ya kuzaliwa Yesu, na 25 Desemba ni siku iliyochaguliwa na Kanisa. Habari za Nimrodi na Semirami hazimo kwenye Biblia. Zilitungwa karne ya 19. Yeremia 10 tuisome mpaka mstari wa 9, inazungumzia sanamu. Asiyesherehekea asihukumiwe, anayesherehekea asihukumiwe, Warumi 14:5. Mwenye swali zaidi anitafute, nitafurahi."

Ukishautuma, weka simu chini. Usikae kuhesabu nani ameweka dole. Aliyetuma akirusha picha nyingine ya Nimrodi, usimjibu mbele ya watu. Mpigie, na kama yuko karibu mfuate kwake, na usiende na Biblia iliyofunguliwa tayari.